Chozi mtaani: kiota, maua na kunguru

Ukitaka kumvutia ndege mvumaji bustanini kwako Goba, Dar es Salaam, hutampata: ni wa mabara ya Amerika. Huku kwetu anayenyonya maua ni chozi. Chozi wa Amani, aliye hatarini kutoweka, ni wa misitu kama ya Usambara Mashariki, usimtafute Goba. Chozi wa hapa, kama yule mwenye kifua chekundu, bustani ya nyumba moja haimtoshi. Kaeni na mjumbe, mkubaliane mtaa mzima.

Anzeni na kiota, maana ndicho kinachoharibiwa bila mtu kujua. Ni kifuko kinachoning'inia kwenye kitawi, mlango uko ubavuni, kimeshonwa kwa utando wa buibui na kuning'inizwa majani makavu. Kinafanana na takataka, na mkata michongoma hukishusha hivyo hivyo. Akague kwanza, na tawi lenye kiota aliache wiki tano: mayai, mara nyingi mawili, huatamiwa wiki mbili hivi, makinda nayo hukaa kama wiki mbili. Makinda hulishwa wadudu na buibui. Mkipulizia dawa kwenye uzio, maua yatajaa lakini makinda yatalala njaa.

Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu ndio adui mkubwa kuliko paka. Wanafuata mabaki ya chakula, kisha wanapekua viota. Ndoo za taka zifunikwe, hasa kwa mama lishe na kwenye mabucha.

Maua: shubiri zipandwe kwa machipukizi, hatua moja kati ya shina na shina. Kwenye mgomba, acheni baadhi ya yale maua ya zambarau yanayoning'inia chini ya mkungu. Mwambangoma, mti wa maua mekundu, hutoa maua wakati wa ukavu. Kateni kipande cha tawi lake cha mita 1.5, kiacheni kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, mkifukie sentimita 30 masika yakianza. Kikizikwa kibichi kwenye tope, kinaoza.

Chupa ya sukari si lazima. Mkiiweka: sukari nyeupe kikombe 1, maji vikombe 4, bila asali wala rangi, na kwa joto la Dar ibadilishwe kila siku. Iwe na kijiti, kwani chozi hupenda kutua anapokunywa.

Hesabuni chozi Jumamosi moja kila mwezi, kuanzia saa 12:30 asubuhi, vituo vitano vilevile, dakika 10 kila kimoja. Andikeni idadi kubwa mliyoiona kwa mpigo mmoja. Mkijumlisha kila anayepita, dume mmoja mgomvi mtamhesabu mara sita.