Kabla hujatuma pesa Goma: hakikisha anayeomba ni ndugu yako

Ushauri unaorudiwa kila mahali kuhusu matapeli wa mtandaoni ni kwamba ukiona namba ngeni, jina usilolijua na mtu mwenye haraka, usitume pesa. Kwetu sisi wenye familia Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, ushauri huo hautoshi. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango na watu wakabaki wakitegemea M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Tangu hapo ndugu yako wa damu anaweza kukuandikia kwa simu ya jirani, akakuomba utume kwa jina la mtu wa mtaa wa Birere au la rafiki aliyevuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kuchukua pesa Gisenyi, upande wa Rwanda, na akawa na haraka kweli kwa sababu betri inaisha na umeme hakuna. Shida ya kweli imeanza kufanana na utapeli, na tapeli analijua hilo vizuri.

Mara nyingi wizi huanzia kwenye grupu ya familia. Mtu mmoja, tuseme mama mdogo, anapata ujumbe kutoka kwa namba anayoijua: "Samahani, namba sita zangu zimekuja kwako kwa makosa, nitumie." Namba hizo sita ndizo WhatsApp inazotuma kwa SMS mtu anapotaka kufungua akaunti kwenye simu nyingine. Akizitoa, akaunti yake imehama. Dakika chache baadaye "mama mdogo" anaandikia Bruxelles, Montréal na Nairobi kwamba mtoto amelazwa.

Hapa kuna jambo la kukusaidia. Mwizi aliyehamisha akaunti kwa njia hiyo kwa kawaida haoni mazungumzo ya zamani, kwa sababu yamehifadhiwa kwenye simu ya mwenyewe. Anaona picha, jina na grupu, na anaanza kupokea ujumbe mpya. Ndiyo maana huandika maneno ya jumla. Ukimzoea mdogo wako akikuandikia "Yaya, mtoto ako ku hospitali, fanya mbio," kisha leo anakuletea Kifaransa cha barua ya ofisi, shtuka. Lakini kuna mwizi wa aina nyingine, aliyeshika simu ya ndugu yako dakika moja akaiunganisha na kompyuta yake. Huyo anasoma karibu kila kitu. Kwa hiyo swali la kumpima mtu liwe juu ya jambo ambalo halijawahi kuandikwa: nani alianguka kwenye ngazi siku ya harusi ya kaka, au mlango wa nyumba ya zamani kule Kadutu ulikuwa wa rangi gani.

Najua ugumu wake. Kumuuliza shangazi swali la mtego ni kama kumwambia ni mwongo, na baba mkwe ndiyo usithubutu. Kwa hiyo utaratibu utangazwe mapema na mkubwa wa familia, tena kwa simu, si kwa maandishi kwenye grupu: yeyote anayeomba pesa atapigiwa, na atajibu swali, hata akiwa mzee. Likiwa la wote, haliwi tusi kwa mmoja. Chagueni pia watu wawili walioko nyumbani, ikiwezekana katika kartye (mitaa) tofauti, ambao unaweza kuwapigia kabla ya kutuma. Simu ya video ya nusu dakika inafaa zaidi. Ujumbe wa sauti usiutegemee sana, maana sauti ya zamani huweza kutumwa tena, na siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu.

Simu yako wewe huenda imefungwa vizuri. Dhaifu ni ya yule anayekupokelea pesa. Siku mkiongea bila haraka, mwelekeze afungue Mipangilio ya WhatsApp, aingie Akaunti, awashe uthibitishaji wa hatua mbili na kuweka PIN asiyompa mtu. Kisha atazame vifaa vilivyounganishwa, na asichokijua akiondoe. PIN ya pesa iwe tofauti, na isiwe mwaka wa kuzaliwa.

Michango ya msiba na ya wakimbizi nayo ina wezi wake. Picha ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021 inaweza kuletwa kwako leo kana kwamba ni ya jana. Itafute kwa Google Lens, inayoonyesha picha ilikotoka, kabla ya kuisambaza. Mchango bora ni ule ambao mtu unayemfahamu amesimama mahali unapopafahamu. Na anayemwambia binamu yako kambini kwamba UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, inataka dola ili jina lake lipelekwe Kanada, anadanganya: huduma za UNHCR ni bure, kuanzia kujiandikisha hadi kuhamishiwa nchi nyingine. Bahati nasibu ya viza ya Marekani nayo matokeo yake huangaliwa na mwombaji mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao, dvprogram.state.gov. Ushindi hauji kwa WhatsApp.

Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, hupigwa skani kwenye kibanda cha fotokopi kisha ikabaki kwenye kompyuta ya watu. Mwombe anayekutumia hati asimame hapo mpaka faili lifutwe. Nywila ya barua pepe yako iwe ya peke yake, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila ya Facebook na nyingine zote.

Wengi wetu bado tunatumia WhatsApp kwa namba ya Kongo, ya +243, ambayo laini yake iko kwenye droo. Laini isiyotumika muda mrefu hukatwa, na namba inaweza kuuziwa mtu mwingine. Akiisajili WhatsApp, wewe unatolewa, naye anabaki ndani ya grupu kwa jina lako. Ama laini hiyo iwe hai nyumbani kwa mtu unayemwamini, ama uhamie namba ya huko uliko kwa kutumia "Badilisha namba" ndani ya Akaunti. Grupu zako utahama nazo.

Ukiibiwa akaunti, sajili namba yako upya papo hapo. Ukiweka zile namba sita za SMS, mwizi anatolewa. Kama aliweka PIN yake, utasubiri siku 7 kabla ya kuingia, lakini naye yuko nje. Wakati huo mpigie msimamizi wa grupu aiondoe namba yako. Na kama pesa imeshatumwa, ipigie simu kampuni uliyotumia kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote: ya kuchukuliwa dirishani inaweza kusimamishwa ikiwa haijachukuliwa, ila iliyoingia kwenye simu hutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache.