Kaunti ikichukua chuo cha ufundi: ya kushika kabla ya kukabidhi funguo

Nilikuwa mwalimu wa ushonaji, baadaye meneja, katika chuo kimoja cha ufundi cha kijiji hapa Pwani ya Kenya. Nilikuwepo mwaka 2013 vyuo hivi vilipotoka mikononi mwa wizara na kuingia mikononi mwa serikali za kaunti. Tangu nistaafu, bodi za vyuo vya makanisa na vya jamii huniita kila zinapotaka kaunti ivichukue. Wengi hudhani kazi kubwa ni kumshawishi gavana. Kazi kubwa ni kuipa kaunti kitu inachoweza kukihesabu, kukilipia na kukitetea mbele ya mkaguzi. Afisa asiyejua chuo kina walimu wangapi hawezi kukiombea hata mfuko wa saruji, na hana roho mbaya hata kidogo.

Kwanza muelewane nani anabeba nini. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Viwango na mitihani vilibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo TVETA, mamlaka ya kitaifa ya vyuo vya ufundi, ndiyo inayosajili chuo na kuwapa walimu leseni, na majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, hayabadiliki kwa sababu gari la mlangoni lina nembo ya kaunti. Usajili ukiwa umekwisha muda, uhuisheni kabla ya makabidhiano. Kaunti ikipokea chuo kisicho na usajili, mwaka wa kwanza wote utaishia kwenye kufukuzana na makaratasi, na vijana watakuwa wameketi tu.

Halafu hesabuni mali. Hapa sina haraka, kwa sababu hapa ndipo nilipoona vyuo vikipoteza vitu.

Daftari letu la mwaka 2013 lilisema tuna vyerehani 31. Nilimwita mzee aliyekuwa akitunza stoo, tukavitoa vyote nje, chini ya mwembe, tukavipanga safu tatu. Vilivyosimama vilikuwa 24. Nikaketi kwenye kila kimoja na kipande cha marekani, nikashona mshono wa shubiri moja. Kumi na tano vilishona. Vingine vilikuwa havina bobini, viwili mkanda umekatika, kimoja kimeshikwa na kutu hadi gurudumu halizunguki. Mzee alikigusa akasema, "Mwalimu, hii si cherehani tena, hii ni chuma." Nikamwambia, "Basi Mzee, tuandike hivyo hivyo." Tukaandika safu nne: kilichoandikwa zamani, kilichoonekana, kinachofanya kazi, kinachohitaji nini ili kifanye kazi. Saba ambavyo havikuonekana tukaviandikia barua kwa bodi siku ile ile, tukaeleza tulichojua: vinne viliazimwa na kikundi cha kina mama, vitatu hatukujua vilikokwenda.

Safu ile ya nne ndiyo iliyotuletea pesa. Afisa wa kaunti alipokuja hakuhitaji kukisia. Aliona mikanda miwili, bobini sita na fundi wa siku mbili, akaweka kiasi hicho kwenye maombi yake, kikapita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fanyeni vivyo hivyo kwa randa za useremala, mashine ya kuchomelea, matangi ya maji, vitanda vya bweni na hata milango. Kila ukurasa utiwe sahihi na watu watatu: wa bodi, wa chuo na wa kaunti. Picha za simu zinasaidia, lakini haziwezi kushika nafasi ya sahihi.

Watu ni wagumu kuliko mashine. Vyuo vingi vilikuwa na walimu wa aina mbili: wa serikali, na wale walioajiriwa na bodi kwa karo ya wazazi. Hawa wa pili ndio huanguka katikati. Mwalimu wetu wa uashi alikaa miezi saba bila senti kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye daftari la bodi na halikuwa kwenye orodha iliyopelekwa kaunti. Alikuja kazini kila siku. Mwezi wa tano aliuza baiskeli yake, akawa anatembea. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia avumilie, na jambo hilo bado linaniuma. Kwa hiyo tengenezeni orodha moja ya wote, pamoja na nambari ya kitambulisho, vyeti, fani, mwaka aliojiunga na mshahara anaodai. Malimbikizo yamalizwe au yakubaliwe kwa maandishi kabla ya siku ya makabidhiano. Mwalimu wa bodi hageuki mfanyakazi wa kaunti siku funguo zinapokabidhiwa. Anayeajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, nayo ina utaratibu wake wa kutangaza nafasi na kusaili. Waambieni walimu ukweli huu mapema, na muombe mkataba wa muda wa kuwashikilia wakati wakisubiri.

Kwenye pesa kuna mtego. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vingine. Chuo kikishakuwa cha kaunti, karo na pesa za sare mnazoshonea shule zinaweza kuhesabiwa mapato ya kaunti. Pesa ikienda huko, kuirudisha kwa ajili ya kununua nyuzi ni safari. Dawa yake ni sheria ya kaunti inayoruhusu chuo kubaki na pesa zake na kuzitumia kwa utaratibu unaokaguliwa. Muulizeni mwakilishi wadi wenu kama bunge la kaunti limeipitisha. Kama bado, mwombeni aipeleke, nanyi mwende na wazazi siku ya kutoa maoni.

Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/18 vyuo hivi vilikuwa na ruzuku yake yenye masharti kutoka serikali ya kitaifa, iliyopigiwa hesabu ya shilingi 15,000 kwa mwanafunzi. Mwaka 2021/22 ruzuku hiyo iliyeyushwa ndani ya mgao wa jumla wa kaunti, ule uliofika shilingi bilioni 370. Tangu hapo chuo chako kinagombea pesa moja na barabara na zahanati. Hakuna anayelazimika kukikumbuka, kwa hiyo jueni tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti ifikapo Septemba 1, waraka wa mwelekeo wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Anayekwenda Mei kuomba darasa amechelewa bajeti ya Julai, amekwenda kuomba darasa la mwaka utakaofuata huo. Mimi hupeleka barua Julai, ukurasa mmoja tu, na hesabu ya safu ya nne imeambatishwa.

Pendekezeni pia kazi, msipeleke maombi matupu. Kaunti hiyo hiyo ndiyo inayojenga madarasa ya chekechea na kuyanunulia viti. Vijana wa useremala wakitengeneza viti hivyo, kaunti imenunua kwa watoto wake, na mwanafunzi amejifunza kwa mbao halisi.

Ardhi: tafuteni hati sasa. Vyuo hivi vilianzia kwa makanisa miaka ya 1960, NCCK, baraza la makanisa la Kenya, ilipowatafutia njia vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa sekondari, ndiyo maana vingi viko kwenye viwanja vya kanisa au vya ukoo. Mwenye kiwanja asipotia sahihi, kaunti haiwezi kujenga pale bila kuulizwa na mkaguzi. Si lazima kanisa litoe ardhi moja kwa moja. Mkataba wa miaka mingi, ulioandikwa na wakili, unatosha kuanzia.

Mwisho angalieni kalenda ya mitihani kabla ya kuchagua siku. Makabidhiano yakiangukia wiki za kuwasajili watahiniwa, kila mtu atadhani mwenzake ndiye anayelipa ada. Sajilini vijana wote kwanza, mchukue risiti, mzibandike kwenye ubao wa matangazo kila mmoja aone jina lake. Kisha mwite kaunti, mpitie daftari ukurasa kwa ukurasa, mfungue stoo mbele ya wote, mhesabu vyerehani tena, na ndipo funguo zitoke mkononi.