Namna ya kuandika mandhari ambayo msomaji ataisikia

Hadithi nyingi ninazoletewa nizipitie zina soko la namna hii: "Soko lilikuwa na watu wengi, kelele nyingi na harufu kali ya samaki." Sarufi iko sawa, ila soko lenyewe halipo. Tulijenge upya, tukitumia soko la samaki la Feri, Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Nenda ukasikie

Kiswahili kimetupa kitenzi kinachobeba mengi: tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Fika Feri asubuhi na mapema, mnada umechangamka, ukiwa na daftari. Macho yana pupa, yatajaza ukurasa mzima, kwa hiyo yape zamu ya mwisho. Sikia kwanza visu vinavyopara magamba, madalali wanaopandisha bei, honi ya pantoni ya Kigamboni. Moshi wa kuni kwenye makarai ya wakaanga samaki unawasha macho. Gamba limekunata mkononi na hujui limetoka wapi. Andika yote.

Hatua ya 2: Taja kwa jina

"Samaki" hana umbo kichwani mwa msomaji. Kibua, changu na kolekole wanalo. Tanakali za sauti nazo ni mali yetu: kitu kikitumbukia majini ni chubwi, kikianguka mchangani ni tifu. Moja kwa ukurasa inatosha.

Hatua ya 3: Amua ni pua ya nani

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Pua huzoea: ukikaa kwenye harufu ileile kwa dakika kadhaa, unaacha kuisikia. Basi mchuuzi mwenye miaka 20 kazini hawezi kuingia Feri "akapigwa na harufu kali ya samaki". Atakachosikia ni kilichobadilika, mathalani samaki aliyelala tangu jana katikati ya wabichi. Anayeziba pua ni mgeni. Vitenzi navyo vina wenyewe: mgeni atasema samaki wananuka, mkaangaji atasema wake wananukia. Herufi moja tu, na tayari tunajua nani mwenyeji.

Hatua ya 4: Punguza

Bakiza vitu vitatu au vinne vinavyogusa haja ya mhusika. Wangu ni Mwajuma, mjane anayenunua samaki wa biashara kwa mara ya kwanza:

"Mwajuma alisimama nyuma ya wanaume, maji ya barafu yakimwingia kwenye ndala. Kila dalali alipotaja bei, alibana pindo la kanga alikofunga fedha, mpaka noti zikalowa jasho. Harufu aliisikia baadaye, ndani ya daladala, abiria wa pembeni alipofungua dirisha bila kusema neno."

Moshi wa kuni niliupenda sana, lakini Mwajuma hakuwa na haja nao, nikaukata. Harufu nimeichelewesha kwa makusudi. Ni mgeni, lakini baada ya muda sokoni pua yake ilishazoea, ikabidi mtu mwingine amkumbushe, na hapo ikaja na aibu. Neno "woga" sikuliandika popote. Kazi hiyo nimeliachia pindo la kanga.

Hatua ya 5: Soma kwa sauti

Mahali ulimi unapokimbia ili umalize haraka, umejaza mno. Rudi hapo, toa kitu kimoja, usome tena.