Diskasheni ya historia ya sanaa, tunavyofanya sisi huku Bagamoyo

Kwanza idadi ya mnaosoma pamoja. Watatu, wakizidi sana wanne. Mkifika saba hicho ni kijiwe, mtaagiza kahawa na kashata, mtu atachomekea Simba na Yanga na hapo usiku umeisha, madesa, yaani notsi, hata hayajafunguliwa.

Halafu msianze na madesa. Najua inauma maana ndo kwanza mmetoka kuyatoa kopi, ila hii pepa wanakupa picha haina jina wanakwambia eleza. Kwa hiyo shusheni picha zote kwenye simu moja, ya mwenye bando, afunike jina kwa kidole, wengine mseme mnachokiona, rangi gani, imechorwa juu ya kitu gani, nani na mwaka vije mwisho. Mtu akirukia jina mrudisheni.

Mimi nilishakula sapu, yaani kurudia pepa, kwa ajili ya wachoraji wawili, Manet na Monet, niliandika ukurasa mzima wa picha ya Olympia, ya Manet, nikampa Monet, jamani ukurasa mzuri kabisa. Sasa hivi tuna kakitu ketu: Manet mama, Monet moto. Mama ni yule aliyejilaza kwenye Olympia ya 1863, moto ni lile jua jekundu bandarini Le Havre kwenye picha ya 1872, Impression, Sunrise, ambayo ilipooneshwa Paris 1874 ndo jina la mtindo wa impreshonizimu likatokea hapo, tena kwa kejeli. Ya kitoto ila haitoki kichwani.

Zoezi ninalolikubali kuliko yote ni la milango. Jioni jua likipoa nendeni Mji Mkongwe mchague mlango mmoja wa nakshi, mmoja autazame asimulie, wengine mgeuke mgongo mchore mnachosikia. Siku ya kwanza mwenzetu kasema "juu kuna maua" basi, tukageuka kulinganisha, watatu maua matatu, mmoja kachora waridi la kadi ya harusi kabisa! Akarudia: duara, ndani yake petali zimejipanga kama miale, duara lingine pembeni yake, zote zimeshikana kwa mstari kama mnyororo unaozunguka fremu. Hapo tukachora kitu kimoja. Sasa hayo maneno ya mara ya pili ndo unayotakiwa kuandika kwenye pepa, "maua" haikupi hata nusu maksi.

Vipimo msikariri, maji yakitoka shukeni ufukweni mchore mchangani. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53, unaikumbatia. Guernica, picha ya vita ya Picasso, 1937, karibu mita 3.5 kwa 7.8, tembea upande wake mrefu uone ilivyo, ndo utaelewa kwa nini ile vita inakuzidi ukisimama mbele yake. Pembeni wekeni picha ya Tingatinga, futi mbili kwa mbili hivi, rangi ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi, Tingatinga mwenyewe alianza kuchora Dar 1968 na akafariki 1972, miaka minne tu. Swali la "linganisha" likija mnazo tayari picha mbili za kuanzia, nyeusi na nyeupe na kijivu huku, rangi zinazong'aa kule.

Tarehe gawaneni, kila mtu kumi, kesho yake anawauliza wenzake bila kushika karatasi. Asiyekuja na zake kumi analipia kahawa ya wote, na kashata.