Mkiwa na watoto wadogo Animal Kingdom, anzeni na safari

Kwa familia zinazopanga kuwapeleka watoto wadogo Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani na wanyama jimboni Florida nchini Marekani, nashauri mfike kabla milango haijafunguliwa na mwelekee moja kwa moja kwenye Kilimanjaro Safaris, ziara ya gari la wazi inayoanzia Harambe, kijiji cha kuigiza ndani ya bustani hiyo, ili mwahi kabla foleni haijarefuka na mwaone wanyama wakitembea kabla joto halijawakimbiza vivulini. Ziara hiyo huchukua takriban dakika 20 na haina sharti la urefu, hivyo hata mtoto wa kubebwa huruhusiwa. Expedition Everest, treni ya burudani ya mwendo kasi, kwa upande wake, humtaka mtoto awe na urefu wa angalau sentimita 112. Mpimeni nyumbani, kwani kukataliwa langoni baada ya kusubiri humvunja moyo mtoto pasipo sababu. Wazazi wanaotamani kuipanda waombe utaratibu wa kupokezana, ambapo mmoja hubaki na mtoto, na mwenzake akirudi, naye hupanda bila kurudia foleni yote. Katika miezi ya kiangazi mvua za alasiri hunyesha ghafla, kwa hiyo bebeni makoti mepesi ya mvua pamoja na nguo za kubadilisha.