Jinsi ya Kupima Usajili: Nyota wa Kununuliwa au Mchezaji wa Bure?

Dirisha la usajili linapofunguliwa, mashabiki tunaokutana Kondele, hapa Kisumu, hubishana kuhusu ada ya uhamisho kana kwamba ndiyo gharama yote. Anayetaka kuhukumu kwa haki na aanze kwa kulitilia shaka neno “bure”. Klabu inayomchukua mchezaji aliyemaliza mkataba kwa kawaida hailipi ada kwa klabu alikotoka, lakini mchezaji na wakala wake wanalijua hilo, na hudai sehemu ya pesa hizo kupitia malipo ya kutia saini na mshahara mnono.

Kwa hiyo chukua daftari. Gawanya ada kwa miaka ya mkataba, kisha ujumlishe mshahara wa mwaka. Kwa mchezaji wa bure, gawanya malipo ya kutia saini kwa namna iyo hiyo. Paul Pogba aliondoka Manchester United mwaka 2012 mkataba wake ulipokwisha, akarudishwa mwaka 2016 kwa takriban pauni milioni 89 na mkataba wa miaka 5, yaani karibu pauni milioni 18 kila mwaka kabla ya mshahara. Mwaka 2022, baada ya kurefushwa kwa mwaka mmoja, mkataba ulikwisha tena, akaenda zake, na United haikupata ada yoyote ya kumuuza. Ndiyo sababu umri ni muhimu sana: kijana anaweza kuuzwa kabla mkataba haujaisha, kama Gor Mahia ilivyomtoa Michael Olunga kwenda Djurgården ya Uswidi mwaka 2016 baada ya msimu mmoja tu wa mabao, ilhali mkongwe wa miaka 33 hutumika hadi mwisho.

Angalia pia muda uliobaki. Mchezaji aliyebakiza miezi 6 anaruhusiwa kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine, yaani ajiunge nayo bila ada mkataba wake wa sasa ukiisha, hivyo anayemnunua kwa bei kubwa wakati huo lazima awe na haja ya dharura.

Haja yenyewe ndiyo kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Liverpool ilimuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona Januari 2018, na katika mwaka uo huo ikawaleta beki Virgil van Dijk, kwa takriban pauni milioni 75, na kipa Alisson. Pesa nyingi zilikwenda palipovuja. Hata hivyo, katika fainali ya Ulaya waliyoshinda mwaka 2019, James Milner, aliyesajiliwa bila ada mwaka 2015, aliingia kutoka benchi kuimarisha kiungo. Kwa maoni yangu huo ndio mgawanyo wa busara: nunua uti wa mgongo wa timu, na uzoefu wa kujazia utafute miongoni mwa walio huru.

Kwa klabu zetu, iwe Gor, Leopards au Kakamega Homeboyz, swali la kwanza liwe kama mishahara italipwa hadi msimu uishe. Mchezaji wa kigeni asiyelipwa anaweza kupeleka kesi yake FIFA, na klabu ikikaidi hufungiwa isisajili hadi imalize deni.

Hukumu yako iandike msimu ukiisha. Hesabu dakika ambazo kila mchezaji mpya alicheza, kisha ugawanye gharama yake ya mwaka kwa dakika hizo.