SOMO: Kuchagua tairi za gari kwa ajili ya mvua

Wakuu, kila mawingu yakitanda Dar naulizwa lile lile: "Ninunue tairi gani?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Saizi. Isome kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kama ni 195/65R15, nunua hiyo hiyo.

2. Kashata, yaani ile michoro ya mpira inayokanyaga barabara. Tafuta mifereji mipana inayozunguka tairi nzima, na mingine ya kutupa maji pembeni. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira. Kashata ikilingana navyo zimebaki milimita 1.6, hicho ni kipara. Masika mimi nabadilisha zikibaki 3, maana mifereji ikizidiwa na maji gari inaelea na usukani unakuwa mwepesi ghafla.

3. Umri. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT, usome tarakimu nne za mwisho za namba inayofuata. 2322 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mara nyingi tarehe iko ubavu mmoja tu, kwa hiyo inama uchungulie na upande wa ndani. Mpira uliozeeka unakakamaa hata kama kashata imejaa.

4. Mtumba wa Japani. Hapa nilishapigwa, someni taratibu. Tairi ina kashata ya kutosha, ukiibonyeza ni laini, bei ya chee, muuzaji anaapa inashika balaa. Nikafunga zote nne. Mvua ikanikuta Mlandizi, nakanyaga breki, gari inaendelea na safari. Kushuka kuangalia, ubavuni imeandikwa STUDLESS. Hizo ni za theluji! Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye joto letu unalegea, kashata inayumba, inaisha haraka, na kwenye lami yenye maji breki inakuwa ndefu. Utazijua pia kwa vichale vyembamba vingi juu ya kashata, kama vilivyopitishwa wembe.
ONYO: hata gari iliyoshuka bandarini juzi inaweza kuja nazo. Kagua kabla hujaenda popote.
ONYO la pili: kuna vipara vinavyochongwa kashata upya kwa kisu cha moto. Mfereji ukiwa na kingo zilizopindapinda, au nyuzi zinachungulia chini, ondoka.

5. Daraja. Ubavuni tafuta TRACTION. AA ndiyo ya juu, kisha A, B na C. Kipimo hicho ni cha breki kwenye njia yenye maji. Chukua A kwenda juu.

6. Upepo. Fuata kibandiko, pima asubuhi tairi zikiwa za baridi.

MASWALI

— Mkuu somo zuri, sasa ninunue tairi gani?
Rudi namba 1.

— Fundi wangu anasema mvua ikinyesha nipunguze upepo ili zishike.
Kwenye tope yuko sahihi. Kwenye lami ni kinyume: tairi yenye upepo mdogo inaelea mapema zaidi, hata kwenye mwendo mdogo.

— Nina hela ya tairi mbili tu. IST inavuta mbele, nizifunge mbele?
Swali zuri sana hili. Funga NYUMA, mafundi wengi watakubishia. Mbele ikiteleza gari inakwenda moja kwa moja, ukiachia mafuta taratibu inarudi. Nyuma ikiteleza gari inageuka, na pale kwenye kona za Kitonga huna muda wa kuirudisha. Zile kuukuu zije mbele, mradi zisiwe kipara.

— Zangu kipara ila naendesha pole pole, shida iko wapi?
Breki ya ghafla haiulizi ulikuwa pole pole au la. Na trafiki naye ana macho.

— Nyongeza: zenye kashata ya V zina mshale wa ROTATION. Fundi wa mtaani kwangu alizigeuza.
Asante mkuu, nilisahau. Mshale uelekee gari inakokwenda, ukigeuzwa tairi haitoi maji vizuri. Zenye OUTSIDE, neno hilo likae nje.

— Na waipa je? Zangu zinaacha michirizi.
Futa mpira wake kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kwanza. Ikiendelea, badilisha mpira peke yake, mkono uache.